Kivuli kilichogeuka masizi

Mchoro ule nilijisifia mno. Mtoto ananawa uso kwenye kibuyu chirizi, nami nikamjaza vivuli vya penseli: chini ya pua, shavuni, shingoni. Siku tatu nzima. Bango lilihusu trakoma, ambayo huku wengi wanaiita vikope, na ujumbe ulikuwa mmoja tu: mtoto anawe uso, maana inzi hufuata tongotongo na kubeba ugonjwa toka jicho hadi jicho.

Tukaenda kulijaribu kijiji kimoja cha Chamwino. Mbukwenyi, mbukwenyi, tukasalimiana kwa Kigogo, tukakaa chini ya mbuyu. Bibi mmoja akalishika bango, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu.

"Mjukuu wangu, huyu bado hajanawa?"

"Ameshanawa, bibi."

"Mbona masizi hayajatoka?"

Kinamama wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ila moyoni nilinuna. Halafu nikaitazama ile nakala ya fotokopi: mashine ilikuwa imekoleza kijivu changu chote kikawa madoa meusi. Bibi alisoma kilichokuwepo.

Nyumbani Nkuhungu nilichora upya kwa wino. Mstari mmoja mnene, uso mtupu, matone matatu ya maji makubwa kuliko maji yoyote niliyowahi kuyaona Dodoma. Vivuli sikuvitupa. Nilimhamishia mtoto wa picha ya kwanza ya bango, yule ambaye hajanawa. Safari ya pili hakuna aliyeuliza.

Baada ya hapo nikapanda basi hadi Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kuna watu wekundu, wembamba kama mabua ya mtama, wamemshika mwenzao aliye katikati. Nyuso hazina macho wala midomo. Wako wanaosema anatekwa, wako wanaosema ni ngoma ya kiibada. Kinachosimulia ni mikono na migongo iliyopinda tu, na mikono hiyo inakubali maelezo yote mawili.

Nikatoa daftari kunakili. Mkono wangu, kwa mazoea ya vibonzo, ukawatia macho na midomo kabla sijafikiri. Yule wa katikati nikamkunja mdomo kwenda chini.

Kaka aliyekuwa akituongoza akachungulia, akatabasamu.

"Dada, wewe kesi umeshaihukumu."