Shangazi aliandika "imekobolewa", kamusi yangu ikanyamaza

Mimi ni karani wa AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, upande wa Kibosho, juu ya Moshi mjini. Msimu wa kahawa napima, naandika risiti na najibu maswali. Kupima hakunichoshi, maswali ndiyo yalinichosha. Mkulima anapewa kipeperushi kimejaa majina ya magonjwa na wadudu wa kahawa: chulebuni, ruhuka, bungua, kimatira. Akimwonyesha mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, mtoto naye anakodoa macho. Akimwuliza bwana shamba, anajibiwa CBD. Basi anakuja dirishani kwangu: "Karani, hiyo CBD ndiyo chulebuni au ni balaa jingine?" Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu. Ilifika mahali najibu kabla hajamaliza.

Nikaamua kutengeneza kamusi ya kahawa ambayo mtu ataifungua kwenye simu bila bando, aandike neno, apate maana. Nilianza na jedwali la safu mbili kwenye kompyuta ya ofisi, kushoto neno, kulia maelezo. Chulebuni ni ugonjwa wa kuvu, Colletotrichum kahawae, unaotia matunda mabichi madoa meusi yaliyobonyea. Kutu ya majani ni kuvu mwingine, Hemileia vastatrix, unaoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Ruhuka ni mdudu mdogo mweusi, Hypothenemus hampei, anayetoboa tunda na kutagia ndani ya buni. Nikaendelea hivyo jioni baada ya jioni hadi maneno kama 600.

Neno lililonisumbua kuliko yote ni mbuni. Kuna mbuni mti wa kahawa, wingi mibuni. Kuna mbuni anayebuni, wingi wabuni. Na kuna yule ndege mkubwa asiyeruka, yeye wingi wake ni mbuni vilevile. Kijana mmoja alitafuta "mbuni" kwenye kamusi ya kawaida ya simu akaletewa ndege, akaja kuniuliza ndege anapogolewaje. Na usinianzishe na CPU. Kwenye kompyuta ni kitu kimoja, kwetu AMCOS ni mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa, na fundi wa kompyuta aliyenisikia nikisema CPU imeziba maganda alinitazama sana.

Jedwali likisha, ufundi wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko nilivyoogopa. Unalihifadhi kama maandishi matupu, kila neno na mstari wake, kati ya neno na maana pakiwa na alama ya tabo. Programu ya bure iitwayo PyGlossary inayageuza maandishi hayo kuwa kamusi ya mtindo wa StarDict, yaani mafaili matatu: .ifo yenye maelezo ya kamusi, .idx yenye orodha ya maneno na mahali maana ya kila moja inapoanzia, na .dict yenye maana zenyewe. Simu inatafuta kwenye ile orodha tu, ndiyo maana hata simu iliyochoka inajibu papo hapo. Nilifungua kwa GoldenDict, programu ya kusomea kamusi, ofisini, nikaandika "koboa", likaja. Nikajisifu peke yangu.

Jumapili nikampelekea shangazi, ambaye ana mibuni yake na hana subira.

"Shikamoo shangazi. Andika neno lolote la kahawa humu."

"Marahaba mwanangu." Akavuta miwani, akachukua stakabadhi yake ya mauzo, akanakili alichokiona: imekobolewa. Kioo kikabaki cheupe. Akajaribu mibuni. Cheupe. Magonjwa. Cheupe.

"Sasa hii inajua nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Programu nyingi za kutafutia zilizoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Kiingereza kikitia s mwisho, ukiandika herufi za mwanzo bado unalifikia neno. Letu linabadilika kichwani. Mibuni haianzi kama mbuni, magonjwa hayaanzi kama ugonjwa, vichanja si kichanja. Kitenzi ndiyo usiseme, kinabadilika mbele na nyuma: koboa inakuwa kobolewa, pogoa pogolewa, na ile l inachomoza bila kuitwa. Ukiwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya karatasi, ile ya TUKI iliyotoka 1981, kuvua viambishi ni kazi yako msomaji, na shuleni tulifundishwa. Shangazi anapoandika kwenye simu hana habari ya kumvua mtu nguo. Ananakili alichokiona.

Dawa ipo. Kwenye safu ya kushoto PyGlossary inakubali majina mengi ya kidahizo kimoja, yaani neno kuu linalobeba maana, yakitenganishwa kwa mstari wima:

koboa|kukoboa|imekobolewa|zimekobolewa|isiyokobolewa

Yote yanaelekea maana moja, na kamusi inapata faili la nne, .syn, la kubeba majina hayo. Chulebuni nikaipa CBD humo humo, na aina ya kahawa iitwayo N39 nikaiandika pia "N 39", kwa kuwa watu huiandika vyote viwili.

Nilipoona limefanya kazi, tamaa ikaniingia. Nafsi 6 mara njeo 4 ni maumbo 24, hapo hujagusa ukanushi, kutendwa wala kutendea. Nikaunda fomula ijitengenezee yenyewe. Ikanitolea nimekobolewa, mtakobolewa, tulikobolewa. Mimi nikobolewe na nani? Nikafuta yote. Badala yake nilikusanya vipeperushi tulivyonavyo ofisini na mihtasari ya mikutano yetu, nikatoa kila neno lililomo mara moja moja, nikayaunganisha na vidahizo vyake kwa mkono. Ilinichukua wiki tatu, na sijutii hata siku moja.

Bado "kung'oa" haikupatikana, na lilikuwamo, naliona kwa macho yangu. Kumbe programu niliyoandikia ilikuwa imepindisha king'ong'o changu kikawa ’ badala ya ', na kwa mashine hizo ni herufi mbili zisizojuana. Nilizibadilisha zote, nikaongeza na "kungoa" kwa wasiojali alama.

Kusambaza ndiko kulikobaki. Mafaili manne ndani ya zipu yaliwashinda wakulima wengi, wakataka kitu kimoja cha kugusa tu kifunguke. Nikatengeneza EPUB, yaani kitabu cha kielektroniki. EPUB ni zipu yenye kurasa za wavuti ndani, kwa hiyo kwa ujuaji wangu nikaizipu mwenyewe, na simu ikakataa kuifungua. Faili liitwalo mimetype linatakiwa liwe la kwanza na lisibanwe, nami nililitupa katikati na kulibana. Nikahamia Sigil, programu ya kutengenezea EPUB, inafanya hivyo yenyewe. Upo pia mpango rasmi wa kamusi ndani ya EPUB uliotolewa mwaka 2015 na IDPF, shirika lililokuwa likisimamia EPUB, ila programu nilizojaribu kwenye simu zetu hazikuujali. Kwa hiyo chini ya kila neno niliweka mstari wa "Pia:" wenye maumbo yake yote, utafutaji wa kawaida wa kitabu uyakute. Kwanza niliuficha mstari huo kwa urembo, simu nyingine zikaacha kuuona, nikaurudisha hadharani. Unachafua ukurasa kidogo. Na uchafue.

Shangazi siku hizi hanipigii, ananitumia picha ya neno lililogoma. Ya jana usiku ni "zisipomenywa". Faili liko wazi hapa mbele yangu, naliongeza nikimaliza chai.