Zinfandel ya Mizabibu Mikongwe

Zabibu za Zinfandel haziivi kwa pamoja. Katika kichala kimoja utakuta punje zilizoiva barabara, nyingine zingali za kijani, na nyingine zimekwisha kusinyaa zikawa zabibu kavu, ilhali bado zimeshikana kwenye kikonyo kimoja. Mvinyo niliouonja jioni hii, uliotoka Lodi katika jimbo la California, ulikuwa na hali hizo zote tatu: uchachu uliotangulia ulimini, ladha ya forosadi mbivu iliyofuata, na utamu mzito wa jamu uliochelewa kuondoka, pamoja na harufu ya pilipili manga. Kileo chake ni asilimia 15, jambo la kawaida kwa Zinfandel, kwa kuwa mkulima anaposubiri punje za kijani ziive, zile zilizosinyaa huzidi kulimbikiza sukari. Kwa sababu hiyo niliipoza chupa kidogo kabla ya kumimina. Mvinyo huu ukiwa na joto, kileo hupanda puani na kufunika mengine yote.

Mizabibu mikongwe ya Lodi haitambazwi kwenye waya, bali kila shina, nene na lililopindapinda, husimama peke yake kama kichaka. Mingi imeota kwa mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa, kwani filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mizabibu, hastawi katika udongo wa kichanga. Mavuno yake ni haba. Kwangu mimi uzee huo hauongezi ukali wowote. Unachoongeza ni uwiano, maana ukakasi ulikuwa laini na hakuna ladha iliyoisukuma nyenzake pembeni.

Hata hivyo, maneno "mizabibu mikongwe" kwenye chupa nayapokea kwa tahadhari, kwa sababu sheria ya Marekani haijaweka umri ambao mzabibu ukiufikia ndipo uitwe mkongwe. Ninachokiamini zaidi ni mwaka wa kupandwa kwa shamba, pale mtengenezaji anapoutaja.

Mingi kati ya mizabibu hii iliponea chupuchupu kung'olewa, na kilichoiokoa ni Zinfandel ya rangi ya waridi, tamu na ya bei nafuu, iliyopata umaarufu kuanzia miaka ya 1970 na kuwapa wakulima soko la zabibu zao. Wajuzi wengi huibeza. Mimi siinywi, lakini siwezi kuisema vibaya huku nikiwa na glasi hii mkononi.