Threes ni bora kuliko 2048, na tofauti ni kisanduku kimoja

Walioicheza 2048, ile gemu ya kuunganisha vigae vya namba, ni wengi, ila ukiwauliza kuhusu Threes, gemu ya aina hiyohiyo iliyoitangulia, wengi wao hawaijui. Threes ilitoka Februari 2014, baada ya Asher Vollmer na Greg Wohlwend kuihangaikia kwa miezi kama 14. Haikuchukua muda ikaja gemu ya kuiiga, 1024, na Machi mwaka huohuo kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, akaandika 2048 ndani ya wikiendi moja, akaiweka bure kwenye intaneti. Watu wakaivamia. Bure ni bure, hilo naelewa. Lakini gemu iliyoachwa ndiyo nzuri zaidi, na ushahidi uko kwenye ubao wenyewe.

Zote mbili zina ubao wa visanduku 4 kwa 4, na unasukuma vigae vyote kwa pamoja. Kwenye 2048 kigae huteleza mpaka kigonge ukuta au kigae kingine, na viwili vya namba moja vikigongana huungana kuwa jumla yao. Kwenye Threes kinasogea kisanduku kimoja tu, basi.

Kwa sababu ya ule mtelezo, 2048 ina dawa moja. Chagua kona, tuseme ya chini kushoto, weka kigae kikubwa hapo na usikitoe. Cheza chini na kushoto, kulia ni pale tu safu ya chini imejaa, juu usiguse. Safu ya chini ikisoma 512, 256, 128, 64, na 64 nyingine imekaa juu ya ile ya mwisho, sukuma chini, kisha kushoto mara tatu: unapata 1024. Mambo huharibika ukilazimika kwenda juu. 512 inapanda, kigae kipya cha 2 kinaweza kuzaliwa chini yake, na ukirudi chini kile cha 2 ndicho kinamiliki kona. Mbali na hapo ni uvumilivu. Kila hatua huleta 2 kwa asilimia 90 au 4 kwa asilimia 10, yaani wastani wa 2.2, kwa hiyo kufika 2048 kunataka hatua zaidi ya 900, na nyingi kati ya hizo hazihitaji kuwaza.

Threes haikupi nafasi hiyo. 1 haiungani na 1, wala 2 na 2; lazima 1 ikutane na 2 zizae 3. Kuanzia 3 ndipo namba zinazofanana huungana: 6, 12, 24 na kuendelea. Kigae kijacho unaonyeshwa mapema, na kinaingia kutoka upande ulikoanzia kusukuma, kwenye safu mojawapo iliyosogea. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukisukuma kushoto na safu moja tu ndiyo inayoweza kusogea, unajua kigae kipya kitatua wapi hasa, na unajua ni kipi. Mtelezo wa 2048 pamoja na vigae vinavyotokea popote palipo wazi vimekufutia uamuzi huo wote.

Hata pointi zinapima kitu kingine. Kwenye Threes, 3 ni pointi 3, 6 ni 9, 12 ni 27. Kila ngazi ni mara tatu ya iliyotangulia, hivyo 768 moja ni pointi 19,683. Kuharibu kigae kimoja kikubwa kunauma kweli.

Anayetoka 2048 hushindwa upesi kwenye Threes: anabana kila kitu konani, 1 zinajazana upande mmoja na 2 upande wa pili, katikati zimekaa namba kubwa, ubao unaganda. Namba ndogo huja kwa mzunguko wa vigae kumi na viwili: vinne vya 1, vinne vya 2 na vinne vya 3, vikiisha vinachanganywa upya. Vihesabu. Ukishaona 1 nne na 2 mbili, bado kuna 2 mbili njiani, basi usizizibe 1 zilizobaki. Na kabla ya kusukuma, tazama kwanza safu zipi zitasogea. Kigae utakachounganisha kiangalie baadaye.