Ukerewe, Kusaka Kitunguu Pori

Kivuko cha asubuhi kutoka Mwanza kwenda Nansio kilikuwa kimesheheni magunia ya vitunguu vya Mang'ola, na harufu yake ndiyo iliyomfungua mdomo mwenzangu, mtaalamu wa mimea. Jenasi ya vitunguu, *Allium*, ina spishi zinazokaribia 1,000, na mpya bado zinapatikana. Mwaka 2021 watafiti wa India walitangaza *Allium negianum*, kutoka Uttarakhand karibu na mpaka wa Tibet, huko juu kwenye mita 3,000 na zaidi. Wenyeji walikuwa wakikiungia mboga miaka yote hiyo. Kwenye vitabu vya sayansi hakikuwepo. Habari hiyo ilinikaa moyoni mpaka tunashuka bandarini.

Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimenyesha. Mzee mmoja akatupandisha kwenye mawe juu ya shamba lake la mihogo, akatuonyesha kitunguu pori chake: shina moja nene, na juu yake ua jekundu la mviringo, vijiua vingi vyembamba vimesimama kama miiba ya nungunungu.

"Ila hakiliwi, wanangu. Hata mbuzi wangu hukipita."

Mwenzangu akafikicha jani, akaninusisha. Kilinuka majani matupu. Kitunguu halisi hunuka kikikatwa, kwa sababu kemikali zilizotengana ndani ya seli hukutana pale na kuzaa ile harufu kali. Kisha akapasua kijiua kwa wembe, tukaangalia kwa lenzi. Ovari, kile kifuko cha mbegu, ilikuwa chini ya petali. Kwenye *Allium* hukaa juu, katikati ya ua. Basi hiki kilikuwa *Scadoxus multiflorus*, kinachojulikana zamani, na kina sumu. Mzee na mbuzi wake walikuwa sahihi.

Tulikibana kwenye magazeti hivyo hivyo. Tukaandika kijiji, tarehe, aina ya udongo, rangi ya ua kabla haijapauka, na jina analoliita mzee. Spishi mpya haitambuliwi bila sampuli kama hiyo kuwekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya taifa iliyoko Arusha, ili yeyote mwenye shaka aende akaikague.

Tukifunga mizigo, mzee akasema ng'ambo ya kilima kipo kingine, kifupi, cha maua meupe, huchanua masika. Mwenzangu akamuuliza kama kinanuka.

"Hicho kinanuka," akajibu.

Masika tunarudi.