Kinguzo cha shaba

Juzi binti yangu alikuta katika kopo la misumari kipande cha shaba chenye uzi wa skurubu upande mmoja na tundu upande wa pili, akauliza kama ni kitu cha bunduki. Nilimjibu kwamba ni cha kompyuta. Hakuniamini, na kwa mtoto wa Goma sikumlaumu.

Kilitoka Birere, mtaa wa Goma, katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi lililojengwa juu ya lava iliyomwagika kutoka Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002. Mama mwenye duka alitaka kompyuta yake ipate kasha jipya tu, kwa sababu la zamani lilikuwa limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Papa fundi, niliyekuwa msaidizi wake, alitaka fedha ziende ndani: memori ya MB 512 iongezwe, na kisanduku cha ndani kinachoilisha mashine umeme kibadilishwe kabla hakijaunguza mengine.

“Mama, wateja hawaandikiwi barua na kasha.”

“Na memori, Papa fundi, ndiyo inayowaita waingie?”

Walikubaliana vyote vifanyike. Feni ya milimita 80 ilikuwa imezibwa na vumbi jeusi la mawe, ambalo lilikuwa limeshikana kati ya mabamba ya alumini juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ya Pentium 4 hata brashi ikashindwa, nikalichokonoa kwa kijiti.

Kuhamisha ubao mama, ule unaobeba prosesa na memori, ndiko kulikochukua muda. Matundu yake yalilingana na kasha jipya, kwa kuwa vyote vilifuata ATX, kipimo kilichotolewa na Intel mwaka 1995; lakini ubao wetu ulikuwa mfupi, na kiwandani walikuwa wamekaza vinguzo vya shaba, vinavyouinua ubao usiguse bati la kasha, mahali pa matundu ya ubao mrefu. Papa fundi aliushika kwa kingo, akauinamisha juu ya kasha, akachungulia tundu moja baada ya jingine huku nikimmulikia tochi. Penye kinguzo pasipo na tundu alisimama. Alinirudishia ubao, akachukua koleo, akakifungua taratibu, kisha akanionyesha mgongo wa ubao, ncha za risasi iliyoyeyushwa zikiwa wazi: shaba ile ingezigusa, umeme ungepita njia ya mkato, na ubao ungeweza kufa siku hiyo hiyo. Kinguzo nilikitia mfukoni.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Kasha jipya lilikuwa na feni ya milimita 120, ambayo husukuma hewa nyingi bila kuzunguka kwa kasi, na mashine ikaacha kujizima adhuhuri. Mama alisema ni kasha. Papa fundi alisema ni kisanduku cha umeme. Kwa kuwa tulibadilisha vyote kwa pamoja, nami nilikuwa nimeondoa vumbi lile lote, sijui hadi leo nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba kasha Mama alililipia bila kupunguziwa hata faranga, na memori akailipa kwa awamu.