Siku moja maishani mwangu: kusimamia washauri wa familia za wanajeshi

Saa 12:30 asubuhi

Askari wako uwanjani wanakimbia, simu bado zimelala, na huu ndio muda mzuri wa kusoma taarifa za usiku. Kambi ni ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, huku Texas. Kazi ni ya FAP, programu ya Wizara ya Ulinzi inayoshughulikia ukatili ndani ya familia za wanajeshi tangu 1981. Katika jeshi hili programu ina pande mbili: kinga na watetezi wa manusura wako chini ya huduma za jamii, ushauri na tiba viko chini ya hospitali. Mimi niko hospitali, nasimamia washauri wenye leseni ya ustawi wa jamii ya kitabibu. Wateja nawaona kwa nadra. Kazi yangu ni kuhakikisha maswali yanayotakiwa yameulizwa, kila mtu akiwa peke yake, na majibu yameandikwa kabla mume na mke hawajaombana msamaha na kuanza kusimulia kitu kingine.

Nasoma daftari la polisi wa kijeshi, ujumbe wa mshauri wa zamu, na majina yaliyopita chumba cha dharura. Macho yanatafuta mambo matatu kwanza: shingo, bunduki, na mwanamke aliyesema anaondoka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa kwa mwanamke anayepigwa, kuwahi kukabwa kunaongeza uwezekano wa kuuawa na mwenzi wake zaidi ya mara saba. Kesi yenye moja kati ya hayo matatu haingoji kikao cha asubuhi. Mshauri anapigiwa simu akiwa bado njiani.

Saa 1:30 asubuhi

Kugawa kesi. Ikiwa kuna mtoto anayedhaniwa ameumizwa au ametelekezwa, swali la kwanza ni kama ustawi wa watoto wa jimbo wameshapigiwa. Tangu Sheria ya Talia ya 2016, iliyopewa jina la binti wa miaka mitano aliyeuawa Hawaii mwaka 2005, watu wa jeshini wenye wajibu wa kuripoti wanatakiwa kupiga simu huko moja kwa moja. Kumwambia sajenti si kuripoti. Kila mwaka wanaingia vijana wapya wanaodhani wamemaliza wajibu kwa kupeleka habari kwa mkubwa wao, na inabidi kurudia somo hilo.

Kwa mtu mzima kuna njia mbili. Ripoti ya wazi inafika kwa kamanda na polisi. Ripoti ya siri, iliyoruhusiwa 2006, inampa manusura mtetezi, matibabu na ushauri bila kamanda kuarifiwa. Anachagua kwa kusaini fomu DD 2967. Kinachoharibika hapa ni mpangilio wa mazungumzo: mshauri anamwacha mama amwage kila kitu, halafu ndipo anamweleza kwamba habari ya mtoto kupigwa au ya hatari ya papo kwa papo haiwezi kubaki siri. Mama anaona amesalitiwa, na ana haki ya kuona hivyo. Mipaka ya usiri inaelezwa kabla ya kisa, kwa sentensi fupi, na anaulizwa ameelewa nini.

Saa 3:00 asubuhi

Kusoma maelezo ya washauri ndiyo kazi inayokula muda, na ndiyo nisiyokubali kuipunguza. Chukua sentensi kama hii: "Wanandoa walipigana, mke ana alama shingoni." Inarudishwa. "Walipigana" inaficha nani alianza, nani alijihami, nani alikuwa ameziba mlango. Alama shingoni zimetokana na nini? Mkono mmoja, miwili, kiwiko, waya wa chaja? Alibanwa ukutani au kitandani? Aliona giza? Alijikojolea? Sauti imekwaruza, kumeza kunauma, kuna vidoa vyekundu kwenye macho au nyuma ya masikio? Kujikojolea watu hawasemi wenyewe kwa sababu ya aibu, kwa hiyo mshauri asipouliza, hakipo kwenye faili. Na kutokuwa na alama yoyote hakuthibitishi kwamba hakukabwa.

Majibu hayo yanabadilisha siku nzima. Mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika kwa ndani na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye, mtu akiwa jikoni kwake anapika. Kwa hiyo anarudishwa kwa daktari leo, na barua inayotaja kukabwa waziwazi, ili daktari aamue kuhusu picha ya mishipa ya shingo. Ukiandika "maumivu ya shingo" tu, atapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike.

Kisha tunapitia kipimo cha hatari alichotunga Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti, mwaka 1985: sasa kina maswali 20 ya ndiyo na hapana, pamoja na kalenda ya miezi 12 iliyopita. Washauri wengi huiruka kalenda wakiharakisha. Ni kosa. Mwanamke akiweka alama kwa tarehe, yeye mwenyewe ndiye anayegundua kwamba vipigo vimekaribiana tangu mume arudi kutoka misheni.

Saa 5:00 asubuhi

Simu za makamanda. Kamanda anaweza kutoa amri ya kijeshi ya zuio kwa fomu DD 2873 hata kabla ya saa sita, na hiyo ni nguvu kubwa. Lakini amri hiyo inamfunga mwanajeshi tu. Mume au mke raia haimhusu. Na polisi wa mjini hawawezi kumkamata mtu nje ya lango kwa kuivunja. Kwa hiyo mtetezi anamsaidia manusura kuomba pia zuio la mahakama ya kiraia, ambalo kwa sheria ya 2002 linatambulika ndani ya kambi vilevile. Apate zote mbili, na nakala awe nayo mkononi. Iliyobaki kwenye droo ya kamanda haimlindi getini.

Silaha ni mjadala mwingine. Marekebisho ya Lautenberg ya 1996 yanamnyang'anya bunduki aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo la ukatili wa nyumbani, askari wakiwemo, hata ile ya kazini. Lakini leo hakuna aliyetiwa hatiani bado. Bunduki ya binafsi kwenye nyumba ya kupanga mjini inahitaji wakili wa kijeshi aelekeze, na swali "iko wapi, ufunguo nani anao" linaulizwa kwa mke na kwa mume, kila mmoja kivyake. Majibu yao yakipishana, nachukulia kwamba bunduki iko karibu.

Saa 6:30 mchana

Chakula mezani, na simu ya mkalimani. Kambini wapo Wakenya na Wakongo waliojiunga na jeshi hili, na wake waliowafuata. Mkalimani kamwe si mtoto, si mke wa askari wa kombania ileile, wala si shemeji aliyejitolea kusaidia. Tunatumia mkalimani wa simu, bila kumtajia jina la mteja, na tunauliza kwanza kama mama ni wa Kongo au wa pwani, maana Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa kinaweza kupishana kwenye jambo zito.

Anapopigiwa, maneno ya kwanza ni ya ndiyo na hapana: "Dada, unaweza kuongea sasa hivi?" Hakuna ujumbe mfupi wala wa sauti. Mara nyingi mume ndiye aliyemfungulia akaunti ya tovuti ya hospitali, na nywila anaijua. Miadi ya FAP ikionekana pale, siri imekwisha. Hofu kubwa ya hawa dada ni kurudishwa kwao. Wengi hawajui kwamba sheria ya 1994 ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake inamruhusu mke wa raia au wa mkazi wa kudumu kujiombea makazi mwenyewe kwa fomu I-360, mume asijue. Mwenye kadi ya ukazi yenye masharti, ya miaka miwili, anaweza kuomba masharti yaondolewe bila saini ya mume. Hilo tunampeleka kwa mwanasheria wa uhamiaji, si kwa mshauri wetu mwenye nia njema.

Saa 7:00 mchana

Kamati ya kuamua matukio. Anaongoza naibu wa kamanda wa kambi. Wapo sajenti meja, polisi, mwanasheria, mwakilishi wa FAP, na kamanda wa mhusika kwa kesi yake tu. Mume na mke hawahudhurii. Si mahakama: swali ni kama tukio limefikia vigezo vya kuingia kwenye sajili kuu ya matukio ya ukatili wa familia jeshini, kwa kipimo cha "inaelekea zaidi kuwa ndivyo". Vigezo vina sehemu mbili, kitendo na athari yake, halafu tunaangalia kama mtu alikuwa anajihami.

Kinachopotosha ni sifa. "Huyu ni askari wangu bora." Inawezekana kabisa, lakini hakuna kigezo cha ubora wa askari kwenye karatasi. Upande wa pili yupo anayesema polisi hawakumkamata, kwa hiyo hakuna kitu. Nawarudisha kwenye swali lililo mbele yetu, hata likiwachosha. Adhabu inajadiliwa kwingine kabisa. Tangu Desemba 2023 uamuzi wa kushtaki ukatili wa nyumbani uko kwa waendesha mashtaka maalumu, nje ya mikono ya makamanda.

Saa 9:00 alasiri

Kikao cha kitabibu, cha washauri na watetezi, na makamanda hawaingii. Hapa tunapanga tiba. Ushauri wa pamoja wa mume na mke hatuanzi nao, hata wakiuomba wote wawili wakiwa wameshikana mikono. Mke anayejua atalala nyumba moja na huyu mtu hatasema ukweli mbele yake. Mume anapelekwa kwenye kundi la kujifunza kuacha ukatili, kwa mfano Strength at Home, vikao 12 vya saa mbili kila wiki. Jinamizi la vita au jeraha la ubongo linatibiwa kwa upande wake, wala halifuti kitendo.

Adui wa kundi ni ratiba. Mazoezi ya porini yanamchukua askari wiki mbili, anarudi amesahau, anakata tamaa. Barua kwa kamanda inaandikwa kabla ya kikao cha kwanza, ikitaja siku na saa zote. Akihamishiwa kambi nyingine, faili halifungwi: mshauri wa huku anaongea na wa kule kwa simu, wakitajana majina, na tarehe ya miadi inapatikana kabla familia haijapakia vyombo.

Saa 10:30 jioni

Saini na barua. Mke ambaye mume ameachishwa jeshi kwa sababu ya ukatili anaweza kulipwa fidia ya mpito hadi miezi 36, kwa fomu DD 2698. Akirudiana naye malipo yanakoma. Karatasi za kuachishwa zikiandikwa sababu nyingine, madai yake yanakuwa magumu, ndiyo maana tunaongea na wakili wa kijeshi kabla hazijasainiwa.

Saa kumi na moja simu ya zamu inabadilisha mikono. Anayeipokea anapewa majina ya kesi zenye hatari kubwa, nani ana zuio na linaisha lini, namba gani isipigwe usiku, na mkalimani wa lugha gani anaweza kuhitajika. Anayasoma yote kwa sauti mbele yangu kabla sijafunga ofisi.