Nyumba ya Magurudumu Hadi Kibirizi, Gombe kwa Miguu

Mume wangu, Baba Asha, ni fundi seremala hapa Tabora. Hiace yetu ilishabeba abiria wa kila namna kabla hajaamua kung'oa viti vyote na kuweka kitanda cha mninga chenye droo chini, godoro, jiko dogo la gesi, madumu ya maji, sola ya kuwashia taa na kuchaji simu, na wavu wa mbu kila dirisha. Wazo alilipata kwa Wazungu wanaopita mjini na malori yao yenye vyumba ndani. Mimi nilitaka kuona sokwe wa Hifadhi ya Gombe, kule Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Yeye alitaka kulala njiani. Tukapatana.

Wengi wetu Kigoma tunaijua kwa treni. Reli ilifika huko mwaka 1914, na mpaka leo ukisema “mwisho wa reli” kila mtu anajua unakosema. Lakini treni na basi la usiku vina ubaya mmoja: unafika hujaona kitu. Safari hii tulikwenda kwa mwendo wa kujisikia, kiangazi, miombo imepukutisha majani na mizinga ya nyuki inaonekana wazi juu ya matawi. Urambo tulipita kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, tukanunua karanga za kuchemsha. Hapo Baba Asha akakumbuka habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa baada ya vita, ambao Urambo ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walileta matrekta kwa mamia, na mwaka 1951 wakautupa. Karanga zenyewe, kama unavyoona, zinaota vizuri tu kwa jembe la mkono.

Mbele kidogo trafiki akatusimamisha.

“Habari za safari, mama. Abiria mmewashushia wapi?”

“Nzuri, afande. Hatuna abiria. Humu tunalala.”

Akachungulia. Akaona mito, sufuria, na kanga yangu imetundikwa kama pazia. “Kwani nyumbani hamna nyumba?”

“Tunayo,” akadakia Baba Asha, “ila ile haitembei.”

Afande akacheka, akakagua leseni na mtungi wa kuzimia moto, akatuachia.

Kazi ilikuwa kwa wenyeji. Tulipita Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka, na giza likatukuta kwenye kijiji kimoja cha mbele. Tukaenda kwa mwenyekiti kujitambulisha, kama ilivyo desturi, tukamwambia tunaomba tu mahali pa kuegesha. Mzee akakunja uso.

“Wageni wangu hawalali barabarani.”

“Shikamoo tena, mzee,” Baba Asha akasema kwa unyenyekevu. “Hatulali barabarani, tunalala ndani ya gari.”

“Na gari liko wapi?”

Hapo hatukuwa na jibu. Suluhu ikawa kuliingiza gari uani kwake, chini ya mwembe, na sisi kula kwake. Mkewe alileta ugali wa muhogo na maharage, tukala, kisha akaja na taa ya simu kukagua nyumba yetu. Alibonyeza godoro. Alivuta droo moja baada ya nyingine, akanusa unga, akafungua kopo la chai. Watoto walikuwa wamejipanga mlangoni wakisubiri zamu. Alipomaliza akanigeukia: “Mwanangu, na choo?” Nikamwomba anionyeshe chao. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga, na nadhani hapo ndipo alipotusamehe kwa kukataa kitanda chake.

Kipande cha kuvuka Malagarasi ningeshauri kila mtu akipite mchana. Maji yametandaa pande zote, matete, ndege wakubwa weupe, mitumbwi. Ardhi oevu hii ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, mwaka 2000, na ukiwa juu ya daraja huhitaji kuuliza kwa nini. Baada ya hapo tukakutana na matengenezo ya barabara na vumbi lililoingia hadi ndani ya sufuria yenye mfuniko. Uvinza tulinunua chumvi. Chemchemi za maji chumvi za pale zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara ya zamani ilipita kuchukua mzigo. Ujiji, kwa Livingstone na Stanley, tulipita haraka. Hadithi ile tumeimbishwa shuleni inatosha.

Kibirizi, ufukwe wa boti pale Kigoma, ndiko nyumba yetu ilikokomea. Gombe haina barabara, si ya lami wala ya vumbi. Hifadhi ya Serengeti unaweza kuizunguka siku nzima bila kuchafua kiatu. Hii, ambayo ni miongoni mwa ndogo kabisa nchini, unashuka kwenye boti na kuanzia hapo ni miguu yako. Mimi naona ni jambo jema. Baba Asha, aliyekuwa amehesabu kulala kwake mwenyewe hadi mwisho, alisononeka kidogo. Tuliacha gari kwa jamaa wa nyumba ya jirani na ufukwe, tukapanda boti la mbao la abiria lililojaa kreti za soda, magodoro, kuku na madumu ya mawese.

Boti linakwenda kaskazini likiambaa na pwani. Mkono wa kulia ni vilima vilivyokwanguliwa, mashamba ya mihogo hadi kileleni, udongo mwekundu wazi. Halafu ghafla msitu unaanza, kama mtu amechora mstari. Huo ndio mpaka wa hifadhi.

Ukishuka Kasekela unainua shingo. Ukingo wa bonde la ufa unapanda kutoka ziwani moja kwa moja hadi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vijito vimeukata ukawa makorongo yaliyosimama wima: Kakombe, Mkenke, Mitumba na mengine. Juu kwenye migongo ni majani makavu na mawe yanayoteleza. Chini kwenye makorongo ni giza la miti, baridi, na maji. Nyani ndio wanaokupokea ufukweni, na mlango ukiuacha wazi wanakusaidia kula.

Wahifadhi walitupa masharti kabla ya kupanda. Mwenye mafua hapandi hata hatua moja, kwa sababu ugonjwa wetu mdogo unaweza kuua sokwe. Barakoa usoni. Hakuna kula mbele yao. Saa moja tu, kwa umbali wa mita 10. Kisha tukaanza kupanda, tukishika mizizi kwa mikono yote miwili. Baba Asha alinyamaza kabisa, jambo ambalo si la kawaida.

Tuliwakuta kwenye michikichi upande wa Kakombe. Dume mmoja amekaa kwenye shina la majani, anachomoa chikichi moja moja, anatafuna nyama ya nje, anatema kokwa. Mdomo wake wote ulikuwa wa rangi ya chungwa, kama mtoto wa Kigoma aliyeachiwa sufuria ya mawese. Kokwa havunji. Chini yake mama na mtoto walikuwa wakichambuana manyoya bila kutujali. Kisha wengine wakaanza kuita kutoka korongo la pili, sauti ikapanda, ikapanda, na huyu wa juu akajibu hadi kifua changu kikatetema.

Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe, alifika ufukwe huu tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake, kwa kuwa serikali ya kikoloni haikutaka msichana akae msituni peke yake. Mwaka huohuo alimwona sokwe akichokoa mchwa kwa ujiti wa jani, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya kuhusu zana na binadamu. Dunia ilimjua hadi alipofariki Oktoba 2025. Wasiojulikana sana ni vijana wa vijiji vya hapahapa, kina Hilali Matama. Mei 1975 waasi kutoka Zaire waliwateka vijana wanne wa kigeni kwenye kituo cha utafiti, wageni wakaondolewa, na hao Watanzania ndio walioendelea kupanda makorongo haya kila siku na kuandika walichoona. Waliandika kwa Kiswahili. Sijui kwa nini shuleni hatufundishwi hili badala ya lile la Ujiji.

Maporomoko ya Kakombe hayako mbali na pale. Maji yanaanguka juu ya ukuta wa mwamba wenye kuvu na ndago, na upepo wake unakulowesha kabla hujafika. Baba Asha alivua viatu, akakaa kwenye jiwe, akasema kitanda kingeenea hapo vizuri.

Kwa Mtanzania kiingilio ni cha shilingi, si dola, na nafuu yake ni kubwa. Boti la abiria la kurudi hupita asubuhi na mapema likitokea vijiji vya kaskazini. Likikupita, utakodi la kwako na hapo ndipo pesa huisha. Sisi tuliliwahi. Kibirizi tulikuta kuku wa jirani ametagia chini ya gari, na mwenye nyumba akatudai mayai yake kabla ya kutupa funguo.